Kicheko Kilichovuka Mlima

Kwetu Rebordelos, kijiji cha mlimani Hispania, tunaletewa mkate mlangoni, na aliyekuwa akituletea ni Evaristo. Gari jeupe aliachiwa na baba yake, na njia pia aliachiwa na baba yake: vijiji vyote vya upande huu wa mlima, asubuhi, honi kila kona. Wanawake wakitoka na aproni zao anawatania, wanamtania. Asiyekuwepo nyumbani anatundikiwa mkate kwenye mfuko wa kitambaa penye kitasa cha mlango.

Alikuwa mtu mnene, mpole, amevuka sitini, hajawahi kuoa. Alimuuguza mama yake mpaka akamzika, na baada ya hapo akabaki na nyumba kubwa ya mawe, paka wawili, na simu aliyonunuliwa na dada yake anayeishi Bilbao ili wawe wanaonana sura. Ni katika simu hiyo alikompata Marisol. Mjane wa Zamora, ndivyo alivyojitambulisha. Waliandikiana msimu mzima wa kuokota njugu za chestnut. Tukamwona Evaristo akipaka madirisha rangi ya samawati. Tukamwona amenyoa masharubu. Jumamosi moja kabla ya Krismasi akavaa suti, akanunua maua mekundu, akashuka mjini Ourense kumpokea stendi ya mabasi. Alisubiri hadi basi la mwisho. Marisol hakuja, na simu yake haikupatikana tena.

Hakuna aliyemchimba. Yeye mwenyewe alikuja baa Jumatatu, akaagiza kahawa, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Haya, msijisumbue kunong'ona. Sikuletewa mchumba, lakini nimezifahamu ratiba zote za mabasi. Mwenye safari aniulize mimi." Tukacheka, naye akacheka, na Benigno wa kaunta akakataa kuchukua hela ya kahawa.

Kwa hiyo kanivali ilipofika, kila mtu alijua kwamba Evaristo yumo kwenye wosia wa punda. Angeachwaje?

Jumatatu ya kanivali kwetu punda hufa. Ni punda wa magunia na majani makavu, tunamzungusha kijiji kizima juu ya gari la ng'ombe huku vijana wa vinyago na kengele viunoni wakituchapa na fimbo, na unga na majivu na udongo wenye siafu wekundu vikiruka kutoka kila dirisha. Tukifika uwanjani Celso anapanda juu ya gari. Celso alikuwa mtu wa posta hadi alipostaafu, na kazi yake ya mwaka mzima ni kukusanya mambo yetu. Anasoma wosia wa marehemu: kwato kwa huyu, meno kwa yule, kila kiungo na sababu yake. Mwaka ule meya Baltasar aliachiwa utumbo, kwa kuwa ahadi zake ni ndefu na ndani yake mna kitu kile kile. Ukitajwa unapanda, unambusu punda kipajini, watu wanapiga makofi, imekwisha. Jumanne tunamchoma punda. Jumatano padri anatupaka majivu, na anayerudia maneno ya wosia baada ya hapo anaonekana hana adabu.

Sasa, mwaka huo huo Noelia alikuwa amerudi. Noelia ni binti wa Otilia, yule mwenye nyumba iliyo nyuma ya kanisa. Alisoma Santiago, akafanya kazi Madrid kwenye kampuni ya matangazo, kampuni ikapunguza watu naye akapunguzwa. Alirudi na masanduku yake akiwa mkimya, akilala mchana. Baltasar ndiye aliyemwinua. Alimwita ofisini akamwambia, "Binti yangu, shule imefungwa. Zahanati inafunguliwa mara moja kwa wiki. Hapa tuna kanivali ya babu zetu na hakuna anayeijua ng'ambo ya mlima. Itangaze. Nitakulipa kadiri nitakavyoweza."

Noelia akafufuka. Alikuja kwenye kikao cha halmashauri na mawazo chungu nzima: vikombe vyenye sura ya kinyago, mashindano ya picha, warsha za watoto kutengeneza kengele, keki ya bica yenye jina la kijiji juu yake.

"Vikombe!" Celso alisema. "Mtu atoke Barcelona aje kununua kikombe?"

"Basi niambie wewe, mzee Celso, atoke Barcelona aje kufanya nini?"

"Aje kupakwa unga, apigwe fimbo, arudi kwao."

Watu walicheka, lakini Noelia aliandika. Ndivyo alivyokuwa, kila ulichosema kilimwingia. Usiku wa kuamkia Jumatatu alimwambia mama yake kuwa amepata. Watu wa mjini hawakosi vikombe wala keki. Wanakosa mahali ambapo watu wanachekana usoni na bado wanapendana. Hicho ndicho atakachowaonyesha.

Otilia alikuwa anakaanga masikio ya unga, vitafunio vyetu vya kanivali. Alisema bila kugeuka, "Onyesha vinyago. Onyesha ng'ombe. Wosia uache."

"Kwa nini, mama? Ndio mzuri kuliko vyote."

"Ni wetu."

"Si ndiyo maana!"

Otilia akaepua kikaango, maana mafuta yalikuwa yanaungua.

Celso alisoma vizuri siku hiyo kuliko miaka yote. Alipofika kwenye mkia wa punda alivaa miwani upya, na sisi sote tukageuka kumtazama Evaristo, ambaye alikuwa mwekundu kabla hata hajatajwa.

*Evaristo wa mikate, mkia nakuachia,*
*Ukienda stendi tena, uwe na cha kushikia.*
*Maua yalinyauka, basi tupu laingia,*
*Mchumba ni wa hewani: nani umemvalia?*

Uwanja ulilipuka. Kuna waliokaa chini kwa kucheka. Evaristo alicheka mpaka machozi yakachora mifereji kwenye unga wa mashavuni. Alipandishwa garini na watu wanne kwa unene wake, akambusu punda si kipajini bali mdomoni, akapaza sauti, "Huyu angalau amefika!" Makofi yaliyopigwa pale hayakuwahi kupigwa kwa mtu.

Noelia alikuwa amesimama juu ya ukuta wa kisima na simu yake. Kesho yake alikata kipande hicho, shairi, kicheko na busu, akaweka maneno chini yake kwa Kihispania na kwa Kiingereza, kwa sababu nje ya huku kwetu Kigalisia chetu hakieleweki, na mwisho akaandika: *Njoo Rebordelos, ucheke nasi.* Akaitupa video hiyo mtandaoni.

Kabla Kwaresima haijafika katikati, Hispania nzima ilikuwa imemwona Evaristo. Kisha wakamwona Mexico, Argentina, sijui wapi. Mtu alitia muziki chini ya sauti ya Celso. Mtu mwingine akaikata sura ya Evaristo anapocheka akaibandika kwenye picha za harusi, za mazishi, za mpira. "Nani umemvalia?" likawa neno la kumrushia kila mwanaume aliyependeza. Kituo cha televisheni kikampigia meya. Nyumba mbili za wageni zilizoko bondeni zikajaa hadi kiangazi. Baltasar alimkumbatia Noelia mbele ya watu wote akamwita mwokozi wa kijiji, na Noelia, ambaye kwa miezi hakuwa amesikia sifa kutoka kwa mtu yeyote, alitembea siku hizo kama asiyekanyaga chini.

Evaristo mwanzoni alilichukua kwa mzaha. "Nimekuwa nyota," alisema. "Kesho mtanipanga foleni kwa ajili ya mkate." Lakini wageni walianza kuja. Walimsubiri kwenye kona, wakampiga picha akishusha trei. Walimwita kwa jina kana kwamba wamelala nyumba moja, wakamuuliza Marisol yuko wapi, jina walilolipata baa. Katika kijiji kimoja cha jirani watoto walikimbia nyuma ya gari wakiimba shairi. Siku moja tukaamka, mikate imetundikwa milangoni, na hakuna aliyesikia honi. Kesho yake vivyo hivyo. Alikuwa akipita kabla hatujaamka. Tukaambiana kwamba joto la oveni limemchosha, na tulijua si kweli.

Noelia alisikia. Mama yake alimwambia wazi, "Yule mtu haonekani."

"Itapita, mama. Mambo ya mtandaoni yanasahaulika haraka."

"Na wewe ulisomea hayo?"

"Mama, niache nifanye kazi."

Mwezi wa Mei, Evaristo alipata ujumbe kutoka kwa Marisol. Aliomba radhi. Alisema aliugua, simu ilipotea, aliona video na akalia kwa jinsi alivyomwonea huruma. Alitaja siku na basi.

Noelia aliiona video ya pili akiwa kwenye meza yake ya halmashauri. Alitumiwa na rafiki wa Madrid aliyeandika tu, "Huyu si yule wenu?" Evaristo alikuwa amesimama kwenye stendi ya Ourense na suti ile ile, maua mekundu mkononi, ameyashika mashina kwa mikono yote miwili kama mshumaa wa kanisani. Abiria walishuka. Mwishoni akashuka msichana mwenye wigi na miwani ya jua, akanyoosha mikono, "Evaristo, mpenzi wangu!" Na kabla hajajibu, vijana wakatokea nyuma ya nguzo na simu zao, wakipaza sauti wote pamoja, "Nani umemvalia? Nani umemvalia?"

Evaristo hakucheka. Aliangalia maua, akatafuta pa kuyaweka. Aliyalaza kwenye benchi polepole, kama yanaweza kuvunjika. Halafu akawaambia vijana waliomziba njia, "Samahani," nao wakampisha, akaondoka nje ya picha.

Noelia aliirudia mara moja tu, kusikia kama kweli alisema hivyo. Alikuwa amesema. Aliwaomba samahani. Noelia alihisi uso wake unawaka hadi masikioni, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Chini ya video kulikuwa na maneno aliyoyafahamu herufi kwa herufi, kwa kuwa aliyaandika yeye: *Njoo Rebordelos, ucheke nasi.* Vijana waliyaazima.

Aliifuta ile yake ya kwanza pale pale. Kisha akapanda kwa miguu hadi nyumba yenye madirisha ya samawati, akagonga.

"Nani?"

"Mimi, mjomba. Noelia wa Otilia."

Kisha sauti karibu na mlango, "Mkate wenu nimeshautundika."

"Sikuja kwa ajili ya mkate." Alikuwa ameandaa maneno njiani na yote yalimpotea. "Nimekuja kukuomba radhi."

"Kwani umekosa nini? Mimi nilicheka. Si nilicheka? Dunia nzima imeniona nikicheka."

"Ulicheka na sisi."

"Ndiyo. Na ninyi." Alisikika akivuta kiti, akakaa, na wakaendelea kuzungumza hivyo, yeye ndani na Noelia kwenye ngazi. "Sikiliza, binti. Punda tunamchoma Jumanne. Jumatano tunapakwa majivu, tunasahau. Baba yangu aliwahi kuachiwa makalio ya punda kwa jambo la aibu kuliko langu, na sijawahi kusikia mtu akilitaja. Ndivyo tulivyo. Sasa niambie, hii yako inachomwa lini?"

"Nimeifuta, mjomba."

"Umeifuta wapi?"

Noelia mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaeleza wazee wa halmashauri, kwa majivuno, kwamba kitu kikishatoka huko hakirudi.

"Unajua kinachoniuma?" Evaristo aliendelea, na sauti ilikuwa imeshuka. "Nilihisi ni utani. Siyo mjinga mimi. Nilipokuwa napiga pasi shati nilijiambia, Evaristo, hawa ni wahuni. Lakini nikasema, je, kama ni yeye kweli? Ashuke kwenye basi asikute mtu? Najua mtu anavyojisikia pale."

Noelia alikaa kwenye ngazi mpaka aliposikia kiti kinarudishwa mahali pake na hatua zinakwenda ndani. Hakuambiwa nenda wala karibu.

Aliporudi ofisini alimwambia Baltasar anaacha. Baltasar alishtuka. "Wahuni wa mjini wamefanya uhuni, wewe inakuhusu nini? Nyumba za wageni zimejaa! Mwakani tunaweka jukwaa, tunaweka vipaza sauti."

"Mwakani hakuna simu kwenye wosia," Noelia alisema. "Hilo likikubaliwa nitabaki mpaka kanivali. Bila mshahara, ukitaka."

"Wageni waje bila simu? Wewe ndiye mtaalamu wa matangazo au mimi?"

Alibaki, ingawa Baltasar hakukubali, kwa sababu kuondoka kungekuwa rahisi mno. Kwake hata kununua kitu dukani ilikuwa kazi. Hatukumtukana. Tulimsalimu vizuri kabisa, tukampisha kwenye foleni, na mazungumzo yakaisha alipoingia yakaanza alipotoka. Labda tulimtupia yeye sehemu yetu pia, kwa sababu tulikuwa uwanjani siku ile na tulicheka kuliko wote.

Wiki chache kabla ya kanivali alimwendea Celso. Celso alikuwa ameapa kwamba hataandika wosia tena. Alimkuta anachambua mahindi.

"Andika, mzee Celso. Niandike mimi."

"Wosia hauombwi. Hapa siyo redio ya salamu."

"Niandike vikali. Kama ulivyomwandikia yeye."

Celso aliliweka chini gunzi la mkononi. "Yeye nilimwandikia kwa kuwa nampenda," alisema.

Lakini aliandika. Kanivali ilipofika Evaristo alikuwa ameshapanda treni kwenda kwa dada yake Bilbao, na mkate uliletwa na kampuni ya mjini, umefungwa kwenye plastiki. Wageni walijaa kuliko mwaka wowote. Noelia alisimama kwenye mdomo wa uwanja na kikapu, akiwaomba waweke simu zao. Baadhi waliweka. Wengi walipita pembeni yake wakicheka, na mmoja alimpiga picha akiwa na kikapu chake.

Celso alisoma bila mzaha mwingi. Utumbo kwa huyu, ulimi kwa yule. Wageni walicheka mahali ambapo sisi hatukucheka. Kisha akavua miwani, kwani shairi lililofuata alikuwa amelikariri.

*Noelia wa kamera, macho ninakuachia,*
*Kicheko umekiuza, aibu kutubakia.*

Mistari miwili tu. Tulingoja mingine haikuja, naye alitazama chini. Hakuna aliyecheka. Si kwamba tulikubaliana, ila kicheko hakikuja. Hata wageni walinyamaza, wakitazamana, wakidhani kuna kitu hawajatafsiriwa. Noelia alishusha kikapu, akapita katikati yetu, na tulimpisha njia pana kuliko ilivyohitajika. Alipanda garini peke yake. Hakuna aliyemshika mkono. Alimbusu punda kipajini, akageuka, akasimama akisubiri makofi ambayo ndiyo yangesema imekwisha. Nilisikia kengele moja ya kijana wa kinyago aliyebadilisha mguu. Mwishowe Otilia ndiye aliyeanza kupiga makofi, peke yake, akilia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akaenda kumshusha binti yake akampeleka nyumbani na unga wao wote nguoni.

Bila shaka mtu alikuwa amepiga video.

Evaristo alirudi katikati ya Kwaresima. Noelia alikuwa amepata kazi kwenye ofisi ya bima Ourense, anashuka na basi la kwanza, na asubuhi moja ya ukungu akafungua mlango akakutana naye uso kwa uso, mkono wake ukiwa kwenye mfuko wa kitambaa. Wote wawili walishtuka. Alikuwa amepungua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Unawahi basi?"

"Ndiyo."

Akatoa mkate kwenye mfuko akampa mkononi, kwa kuwa haikuwa na maana tena kuutundika. Kisha akasema, akiangalia gari lake, "Nilikuona. Mpwa wangu aliniletea kwenye simu kule Bilbao. Wewe juu ya gari."

Noelia alibana mkate kifuani. "Wote waliona."

"Mimi sikuimaliza."

"Kwa nini?"

"Ulipogeuka kututazama," alisema, "nikamwambia mtoto, zima. Akaniuliza kama haichekeshi. Nikamwambia zima tu."

Alimtakia siku njema, akapanda gari, akateremka polepole kwa sababu ya ukungu. Otilia aliposhuka jikoni alimkuta Noelia amesimama karibu na meza, koti mwilini, mkate bado kifuani, na basi lilikuwa limeshapita.

"Nani alikuwa mlangoni?"

"Mkate, mama," alisema.